Ganda la Bahari Mgongoni mwa Kiti

Shangazi wa bwana harusi alifungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakitupa juu ya kiti kikubwa cha watu watatu tulichokuwa tumekileta, jinsi watu wanavyomfunika aliyefia barabarani. Kisha akarudi nyuma na kufanya ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango na chupa ya soda mkononi. Viti vile vilikuwa vya harusi ya mdogo wangu. Kaka yetu alikuwa amevichonga tangu mvua za kwanza mpaka kiangazi. Na sura ya viti vile, jamani, ilitoka kwangu mimi mwenyewe, katika somo ninalofundisha.

Nieleze kwanza desturi, maana bila hiyo mtu atadhani tulikuwa tunagombania mbao. Kwetu mwanaume analeta mahari, na familia ya binti nayo inapeleka vyombo katika nyumba anayokwenda kuishi: masufuria, godoro, kabati, na kama kuna nguvu, saloni, yaani viti vya sebuleni na meza yake. Wanawake wa upande wa bwana wanavipokea, wanavigusa, wanavikagua, na wakishavikalia, binti ni wao. Vyombo vikirudishwa, binti naye amerudishwa. Hakuna padri anayeulizwa wala mkutano unaoitishwa. Watu wakiona gari linarudi na viti vyake, wanajua. Mdogo wangu alikuwa amengoja ndoa hii mpaka nywele zikaanza kumpotea kwenye paji. Harusi iliahirishwa watu wa Sake, mji wa bwana harusi, walipokimbia vita, wakarudi, ikaahirishwa tena walipokimbia tena. Alikuwa anampenda yule kijana mpaka unaona aibu kuwatazama. Kurudishwa mbele ya Sake nzima kungemvunja, na hapo sitii chumvi.

Sasa hilo somo. Ninafundisha estetiki, somo la sanaa na uzuri, katika shule moja ya sekondari pale Kirotshe, kwa wanafunzi wa miaka ya mwisho. Kila mwaka nafika kwenye sura ya sanaa za Ulaya, na kila mwaka wanafunzi wananitazama kama mtu anayewasomea bei za soko la Paris. Kwa miaka mingi picha zenyewe tulikuwa nazo kwenye fotokopi ya fotokopi, kila kitu cheusi. Nilikuwa nasema, "Hapa kuna malaika," nao wanaandika kwamba hapa kuna malaika, lakini malaika mwenyewe hakuna aliyemwona, na mimi simo kwenye walioona.

Kwa mtindo wa Baroko nilikuwa na dawa. Nilikuwa nawachukua wanafunzi kanisani, nawaonyesha Kristo aliyechongwa na kaka yangu. Kaka alijifunza useremala kwenye karakana ya parokia, kwa padri mmoja mzee aliyekuwa na picha za makanisa ya kwao, na Kristo yule alimchonga kwa kufuata picha mojawapo. Mwili umejipinda, mbavu unaweza kuzihesabu, magoti yamechubuka, mdomo uko wazi nusu. Ijumaa Kuu kuna wamama wanaoshindwa kumtazama. Nilikuwa nawaambia wanafunzi: hiyo ndiyo Baroko. Kanisa la Ulaya lilikuwa limepoteza watu, likawaita wachongaji na wachoraji wawakamate waumini kwa moyo, si kwa hoja. Kwa hiyo damu iwe damu, machozi yawe machozi, nguzo zijisokote, dhahabu ikuangukie kutoka juu mpaka upige magoti. Na wachoraji wao walijaza picha giza, halafu wakaingiza mwanga mmoja tu kutoka pembeni, kama tochi inayomulikwa ndani ya nyumba ya watu waliojificha. Siku niliyosema hivyo darasani, msichana mmoja aliyekulia katika kambi ya wakimbizi wa vita pale Kashuga alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hao watu wa Baroko anawajua. Nilifuta ubao.

Lakini Rokoko, mtindo uliofuata, niliisoma tu kama kasuku, mpaka nilipopata telefone ya kuingia mtandaoni. Nakumbuka niko nyumbani, nimekaa juu ya kitanda, natafuta picha ya kuwaonyesha watoto, na chumba cha Rokoko kikafunguka mbele yangu. Nilishtuka nusura niangushe telefone. Zile zilikuwa saloni za matajiri wetu! Miguu ya viti iliyopinda kama ya mbuzi anayetaka kuruka, maua kwenye mikono, rangi ya dhahabu pembeni, kitambaa cha waridi. Vile vile vinavyotoka Dubai na kupangwa kwenye maduka ya Goma, ambavyo mtu akivinunua anaviacha na nailoni yake mwaka mzima. Miaka yote ile nilikuwa nafundisha Rokoko nikidhani ni kitu cha watu wa mbali waliokufa zamani, kumbe nimeikalia kwenye kila ubatizo na kila kilio cha mwenye duka. Nilijisikia mjinga. Nilicheka peke yangu, halafu nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani.

Tangu siku hiyo nilifundisha tofauti. Baroko na Rokoko ni mama na binti, niliwaambia, lakini binti alichoka na kilio cha mama yake. Wafaransa wakubwa walimzika mfalme wao wa fahari, wakatoka kwenye ukumbi ule mkubwa wa kutisha, wakaingia vyumba vidogo vya kuongelea, na wenye vyumba hivyo mara nyingi walikuwa wanawake. Giza likatoka, rangi ya anga na ya waridi ikaingia. Watakatifu wanaokufa wakatoka, wakaingia vijana wanaobembea bustanini. Mstari uliokuwa unanyanyuka kama wimbi ukawa unajikunja kama mche wa maharage unaotafuta mti wa kupandia. Baroko inapenda pande mbili zilingane, ili ukumbi ukushinde nguvu. Rokoko inafurahi upande mmoja ukizidi kidogo, ili jicho licheze. Na kila mahali, juu ya mlango, juu ya kioo, mgongoni mwa kiti, utaona ganda la bahari lililofunguka. Mwanafunzi mmoja mtundu alifupisha yote: Baroko ni Ijumaa Kuu, Rokoko ni sherehe ya harusi jioni. Nilimpa alama zote.

Basi kaka yangu alipokuja kwangu kuniuliza saloni ya mdogo wetu aichonge namna gani, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Alikuwa amepata mbao nzuri nyekundu za Walikale. Alitaka kuchonga anachokijua: nguzo zilizosokotwa, zabibu, malaika wawili wamesimama huku na huku, kama kwenye altare. Nikamwambia hapana, hao malaika watawafanya wageni wakae wima kama wanangoja komunyo. Nikamfungulia picha kwenye telefone. Nikamwonyesha mikunjo, nikamwonyesha ganda. Alilitazama sana lile ganda. Yeye hajawahi kuiona bahari, mimi pia, na ziwa letu la Kivu halina maganda ya namna ile. Aliniuliza kama ni ua au ni mkono. Nikamwambia ni nyumba ya mdudu wa baharini, na wazungu wanaliona zuri. Akasema sawa. Mtu mwenye mikono kama ile hana haja ya maneno mengi.

Alipomaliza, nilipoingia karakanani, machozi yalinitoka. Mti ulikuwa umekuwa laini kama nguo. Kwenye mgongo wa kiti kikubwa ganda lilikuwa limefunguka, upande wa kushoto umepanda kidogo kuliko wa kulia, na kutoka hapo majani yalishuka mpaka mikononi. Mdogo wangu alikalia, akanyanyuka, akakalia tena, akacheka. Tulivipakia kwenye gari tukaondoka kando ya ziwa mpaka Sake, tukiimba. Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wetu tangu baba alipofariki, alivaa koti lake la ndoa zote.

Mama wa bwana harusi ni Munande wa Butembo aliyehamia Sake zamani na mume wake. Mume alifariki, yeye akabaki na duka la mabati na sementi na Fuso moja inayopandisha mizigo Walikale barabara ikikubali. Ni mwanamke wa maneno machache, mnene, mwenye macho ya mtu anayepima. Anayesema katika ile familia ni dada ya marehemu mume wake, huyo shangazi niliyeanza naye. Ni kiongozi wa kikundi cha maombi, anafunga kuliko anavyokula, na pepo wote wa Kivu ya Kaskazini anawajua kwa majina.

Sasa turudi pale alipofunika kiti. Sebule ilijaa wanawake wa upande wao. Nilidhani ameona nyoka. Shangazi alinyoosha kidole kwenye kitenge, akasema kile kilichochongwa pale ni kitu cha Mamba Muntu. Kila mtu kwetu anamjua Mamba Muntu, mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, anayekupa utajiri na kukudai mtu wa nyumba yako. Ganda lile, shangazi alisema, ndilo kioo chake na ndilo kitanda chake, na familia inayoleta kitu cha majini kwa kijana wa nyumba yenye duka na gari inajua inachokitafuta. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa amesimama na wasimamizi wake, kilemba kipya kichwani, na uso wake ulikuwa umekuwa wa mtoto aliyechapwa bila kujua kosa.

Baba mdogo alijaribu. Alisema mambo ya amani na ya kuelewana, akazunguka, akakohoa, akaishia kusema kwamba mambo ya viti yanajulikana na mwalimu. Akakaa chini. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nafundisha Rokoko mbele ya wakwe, bila ubao, nikiwa na soda mkononi, na ndoa ya mdogo wangu ikiwa juu ya ulimi wangu.

Nilieleza, na nilieleza vizuri, siwezi kujinyima hilo. Nilisema kwamba wachongaji wa Ulaya walichukua ganda kwa sababu ya uzuri wa mistari yake tu, wakaliweka kwenye vyumba vya watu wakubwa. Nilisema Kristo wa parokia ni wa namna moja, na viti hivi ni vya namna nyingine. Wa kwanza ni wa kulilia dhambi, vya pili ni vya kupokea wageni, na mchongaji ni yule yule, Mukristo aliyebatizwa, amekaa pale kwenye kona na kofia magotini. Nilitoa telefone nikawapitishia picha. Baadhi ya wanawake walianza kulegea. Mmoja alisema kwamba saloni ya dada yake kule Goma iko na kitu hicho hicho, tena ya kununuliwa. Nilianza kupumua.

Shangazi hakulegea. Aliuliza kwa nini upande mmoja haulingani na mwingine. Alisema seremala huyu anajua kupima, malaika wake kanisani wanalingana kama mapacha, sasa kwa nini hapa amepindisha kwa makusudi? Kitu kilichopindishwa kwa makusudi, alisema, kina mtu anayekingojea. Hapo hasira ilinipanda. Nilimwambia kwamba mimea ya maharage shambani haikui kwa rula na hakuna anayeiita ya Shetani, na kwamba Rokoko ilipinda kwa sababu watu wake walikuwa na furaha, walikuwa wanacheza, walikuwa wamechoka kutishwa. Watu wawili walicheka. Niliona nimeshinda. Nilimkonyeza mdogo wangu.

Ndipo mama wa bwana harusi aliposema neno lake la kwanza tangu tushushe mizigo. Hakumwangalia shangazi. Alikuwa ameshika telefone yangu, anatazama kile chumba cha waridi na dhahabu, anakipanua kwa vidole viwili kama anayekagua kitambaa. Akaniuliza:

"Bale bantu benye balikuwa banaikala juu ya ile biti, mwisho yabo ilikuwa nini?"

Ee Mungu wangu. Swali hilo, la jinsi wenye viti walivyoishia, wanafunzi huwa hawaniulizi, kwa sababu lina jibu kwenye somo la historia, darasa la jirani, na kwangu ni sanaa tu. Ningeweza kudanganya. Ningesema walizeeka, wakafa vitandani mwao, wakazikwa na maua. Nani pale ndani angejua? Lakini nimekaa mbele ya ubao miaka mingi mno, na mtu akiniuliza swali la wazi, jibu linatoka lenyewe. Nilisema kwamba wananchi wao walikuwa na njaa, na siku moja wananchi waliinuka. Nilisema wengi wa wale wakubwa walikamatwa, mfalme akakatwa kichwa, malkia akakatwa kichwa, na viti vyao vikatolewa nje vikauzwa kwa yeyote aliyepita.

Mtu aliweka chupa chini polepole. Shangazi alifungua mikono yake miwili kuelekea watu. Baba mdogo alifunga macho. Na mdogo wangu alinitazama tu, na ninavyoandika hapa bado ninauona uso ule, maana hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa kwamba ni mimi. Nilitaka ardhi ipasuke. Maji yalikuwa yamemwagika, na aliyemwaga ni mimi, kwa mikono yangu miwili, kwa elimu yangu yote.

Mama wa bwana harusi aliuliza tena, kwa sauti ile ile.

"Balijua?"

Sikumwelewa. Aliniona sikuelewa, akaongeza: wakati wanatengeneza vile viti, wakati wanachagua kitambaa, walijua kama mambo yatakuja?

"Hapana, Mama," nilimjibu. "Habakujua."

Alitikisa kichwa taratibu. Akanirudishia telefone. Kisha akaanza kueleza, si kwangu, kwa chumba kizima, kama mtu anayeeleza bei ya sementi. Saloni yake ya kwanza, aliyonunuliwa na marehemu mwaka waliofungua duka, ilibaki hapa hapa ndani siku ya kukimbia, na waliporudi walikuta vyuma vya ndani vimelala juu ya majivu. Kuna watu walikuwa wamepikia viti. Ya pili aliipakia juu ya Fuso, akaishusha njiani kwa sababu kulikuwa na wazee na watoto wanaotembea kwa miguu na gari lilikuwa na nafasi moja tu, ya watu au ya viti. Hajui ni nani anayeikalia leo. Tangu hapo walikuwa wanakalia viti vya plastiki, na kweli, niliangalia, ukutani vilikuwa vimepangwa viti vya plastiki vya bluu, na kwa ujinga wangu nilikuwa nimedhani ni vya kuazima kwa ajili ya sherehe.

"Habo habakujua," alisema. "Siye tunajua. Na bado tunatengeneza biti."

Aliinuka. Alikwenda kwenye kile kiti kikubwa, akakiondoa kitenge, akakikunja pande nne kama nguo iliyotoka kwenye pasi, akampa shangazi mkononi. Shangazi alikipokea. Yule mama akaligusa ganda, akapitisha kidole gumba upande ulioinuka, kisha upande ulioshuka, akamwangalia kaka yangu kule kwenye kona, akamwambia kazi yake ni nzuri. Halafu akageuka na kukaa, kwa uzito wake wote, mti ukalia kidogo chini yake.

Miaka yote nimefundisha kwamba Baroko inatazama kifo na Rokoko inakipa kisogo, nikaweka mstari wa chaki katikati, wanafunzi wakaunakili. Haikunijia hata siku moja kwamba mtu anaweza kukaa kwenye kiti cha Rokoko akiwa na macho ya Baroko.

Mama wa bwana harusi alipiga mkono mahali patupu kando yake, akamwita mdogo wangu. Mdogo wangu hakusogea. Alikuwa bado haamini kama ni yeye anayeitwa. Msimamizi wake alimsukuma kidogo mgongoni. Alivuka sebule ile na viatu vyake virefu, kila mtu akimtazama, mpaka akasimama mbele ya mama mkwe wake.

"Kuya uikale, mutoto yangu," yule mama akamwambia. "Uikale muzuri. Na siku utaiacha, usiangalie nyuma."

Mdogo wangu akakaa.